Joto Linalopanda

Siku ya arobaini ya kaka yake, nyumba imejaa watu wa hitima hadi uani, Tunu alikuwa bado juu ya mnara wa kuhifadhia mahindi, macho kwenye mita ya joto. Ndani ya mahindi ulining'inia waya wenye vipimajoto vinane. Humo ndimo kaka yake, Shomari, alimoteleza akazama. Watu wakapekua wakachoka, wasimpate.

"Dada, hayo mahindi yanaoza tu," alisema fundi Kombo. "Twende, pilau inapoa, na mashangazi washaanza kukusengenya."

"Mahindi yakioza, joto hukaa palepale likatanuka. Hili linapanda. Jana lilikuwa kwenye kipimo cha sita, leo cha nane, cha juu kabisa. Nyuzi thelathini na saba, joto la mtu aliye hai."

"Basi kipimo kibovu."

Wakakivuta kupitia tundu la waya, wakakitumbukiza kwenye maji ya barafu, ndivyo kazi inavyotaka. Kikasoma sifuri: kizima. Kombo akakirudisha. Kikapanda tena, thelathini na saba.

Tunu akafungua kifuniko. Pasipo upepo, punje za mahindi zilikuwa zikiinuka na kushuka, polepole.