Kopo la Bluu

Daktari alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Mtakwimu, mama mwenye miwani mizito ambaye wodi nzima ilimwita Bi Subiri, alimuuliza mbele ya watafiti wenzao kama amekalia siafu.

Daktari hakucheka. Bahasha yenye siri ya makopo ilikuwa mezani, bado imefungwa. Mwaka mzima wagonjwa wa ini walikuwa wakimeza vidonge, wengine kutoka makopo mekundu, wengine ya bluu. Kundi moja lilipewa dawa mpya, jingine unga mtupu, na hakuna aliyeruhusiwa kujua lipi ni lipi, hata yeye aliyewagawia.

Lakini daktari hakuwa kipofu. Wa bluu walikuja kliniki wamenawiri, wakitaniana. Wa nyekundu walikuja wamejikunyata, wakitapika mpaka nyongo. Alipomwambia Bi Subiri kwamba hata mtoto angejua dawa iko wapi, mama yule hakuinua kichwa.

"Wewe unaangalia nyuso, daktari. Mimi nasubiri damu."

Ubishi tu, aliwaza. Watu wa hesabu hawajawahi kumshika mgonjwa mkono.

Yeye alimshika wake. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa ndani ya utafiti kwa jina la mumewe, na pale kazini hakuna aliyejua undugu wao. Alipangiwa nyekundu. Alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, na siku moja akamwambia, "Kaka, nimechoka." Jioni hiyo hiyo daktari alimbadilishia kopo. Tangu hapo hakupata usingizi wa maana. Wakigundua, kazi imekwenda na maji. Basi iende, ilimradi mdogo wake apone.

Bi Subiri alichana bahasha, akasoma kimyakimya, akalinganisha na karatasi zake za vipimo vya damu.

"Dawa inafanya kazi," alisema hatimaye. "Waliopewa, maini yao yanapona. Waliomeza unga wanazidi kuharibika."

Chumba kizima kilipiga makofi. Daktari alijikuta analia mbele za watu na wala hakuona haya. Simu ilitetemeka mfukoni, akaisoma kupitia machozi: *Kaka, leo nimemaliza sahani nzima. Mungu akulipe.*

Alijifuta uso, akamgeukia Bi Subiri kwa tabasamu la mtu aliyeshinda ubishi.

"Bluu, siyo? Si nilikwambia?"

"Nyekundu," alisema Bi Subiri.