Wembe wa Baba Sifuni

Siku hizi nyumba ikiona mikono ya mzee inatetemeka, au ikinusa damu yake, huita gari la kumpeleka makao ya wazee, na harudi tena. Ndiyo maana Baba Sifuni alikuwa ameikalia mikono yake, na mkewe Nakijwa ameshika wembe wa kukunja kwa mara ya kwanza maishani.

"Vuta ngozi, ulaze wembe. Hukwangui sufuria, Mama Sifuni!"

"Nyamaza, nisije nikakunyoa ulimi."

Alimaliza mashavu na kidevu bila mkwaruzo, povu limemjaa hadi kiwikoni. Lakini alipoufuta wembe kwa khanga, ukamchanja kidole gumba.

"Pole, Mama Sifuni," nyumba ikasema kwa upole. "Hebu nyoosha mikono, niione."

Nakijwa akaitazama mikono yake, akakaa taratibu kando ya mumewe, akaikalia.