Taa ya Ukumbini

Eda ya Zuwena ilikwisha Alhamisi. Ijumaa shemeji yake, Sudi, akaja kumwambia afungashe virago. Aliingia bila hodi, akapima vyumba kwa macho, na aliporudi ukumbini alimkuta mjane yuko juu ya stuli, amejifunga kibwebwe, bisibisi mdomoni. Alikuwa akitundika taa ya vioo ambayo marehemu mumewe aliinunua na kuiacha kwenye boksi.

"Shuka, shemeji. Hii ni nyumba ya kaka yangu. Mjane hatundiki taa, anakunja mkeka."

Zuwena akatoa bisibisi mdomoni. "Boriti hii tuliibeba mimi na kaka yako. Wewe hukuwepo. Na eda nzima hukuja kuniuliza nimekula nini. Shika stuli, inacheza."

Sudi akaishika kabla hajajua anafanya nini.

Zuwena akaunga nyaya, akakaza skrubu, kisha akauachia mnyororo wote ushuke, hata vioo vikafika usawa wa paji la uso wa Sudi.

"Umeiweka chini mno! Mtu atapitaje?"

"Mimi napita." Akashuka, akaiondoa stuli, akapita chini ya taa bila kuguswa hata unywele, akawasha swichi iliyokuwa karibu na mlango.

"Na mimi je?"

"Wewe ukija kwangu, shemeji, utainama."

Akaufungua mlango wazi, akasubiri. Kati yake na Sudi, taa ilikuwa ikiyumba polepole.