Lori Lenye Turubai

Shemeji yangu, mtu mzima na ndevu zake, anakusanya magari ya vita ya kuunga kwa vitofali vya plastiki. Leo kaja na lori la jeshi la zamani, kakaa mkekani kwangu hapa Kibiti, anabandika kitofali juu ya kitofali.

Mimi namtazama, hina mbichi viganjani. Kila mwezi naipaka, tangu watu tusiowajua walipompakia kaka yake, mume wangu Mshamu, kwenye gari lenye turubai. Majirani wananisema. Nawajibu kwamba mume akirudi amkute mkewe kapambika.

Shemeji akapanga vijitu nyuma ya lori, akashindilia turubai la plastiki mpaka likaalika.

"Sasa hao watashukaje?" nikamuuliza.

"Hawashuki, shemeji. Ukishabana hapa, ndiyo basi te..."

Hakuthubutu kuniangalia.

Nikaenda kwenye ndoo, nikanawa hina yote. Rangi ilikuwa imeshashika. Nikasugua kwa mchanga, haikutoka.

Nikavua hereni, nikamwekea mkononi.

"Mpelekee mama yenu," nikamwambia. "Mwambie nimeingia eda."