Karatasi ya Mahudhurio

Chumba cha mazoezi hapa Umeå, Uswidi, tunapewa bure na chama cha elimu ya watu wazima, mradi kila tukikutana tujiandikishe. Miaka kumi na tisa naipigia bendi hii dramu, nyimbo za roki nzito ya metali za dakika ishirini ishirini, na karatasi hiyo sijawahi kuisoma. Natia sahihi tu.

Leo kalamu iligoma, nikafunua ukurasa wa nyuma nijaribu wino.

Jumanne nne mfululizo. Majina manne, langu halimo. La mwisho ni geni, limeandikwa kwa herufi nzuri za duara, na mbele yake: dramu.

"Torgny," nikamwita mpiga gitaa, "Jumanne mnafanyaga nini humu?"

Aliendelea kumimina kahawa.

"Tungekwambia, kaka. Baada ya ziara ya maonyesho."

"Na mkajiandikisha kabisa!"

"Sasa ulitaka tudanganye?"