Mama Mkwe Ataka Kutembezwa Mjini

Mama mkwe, ambaye hata vidaraja vitatu vya barazani hakuwahi kuvipanda bila kumwita Mungu, alikuwa ameshapanda ngazi tisini za mnara wa taa na bado alitaka kuendelea.

“Mama, tushuke,” mkaza mwana wake alimsihi. “Upepo huu utatuangusha.”

“Kushuka tutashuka, mwanangu. Haraka ya nini?”

Mwanangu! Kwa miaka sita ya ndoa alikuwa akiitwa “wewe,” na siku mkwe akiamka vizuri, “bibie.” Leo amekuwa mwana. Jamani, kupendwa ghafla namna hii kunatisha. Mke yule akashika chuma cha ngazi, akatazama bahari chini ikipiga mawe, akasogea mbali na ukingo.

Mkwe alikuwa amebisha hodi saa moja asubuhi bila taarifa, akiwa na mwanawe mdogo, shemeji yake mke huyu, kwenye gari la kuazima. Chai hakuigusa. “Umri wote huu sijauona mji wenu wa pwani,” alisema. “Leo unitembeze.” Mwenye nyumba mwenyewe, mumewe, alikuwa safarini na lori lake tangu Jumapili, na mamaye kaja kutalii! Kisha akaomba ufunguo wa nyumba, akaenda nao kwa jirani. Kisha akaomba simu ya mkaza mwana wake apigie picha, akaitumbukiza kwenye mkoba wake. Picha hakupiga hata moja.

Basi mtu angelifikiriaje? Mwaka jana tu, mbele ya ukoo mzima, mkwe huyu huyu alisema nyumba isiyo na mtoto ni ghala. Akaongeza, huku akimnyooshea mkaza mwana wake kidole, kwamba iko siku atamtoa mle na vyombo vyake, tena mwanawe akiwa safarini asipate wa kumtetea. Watu walicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hakulala vizuri mumewe akiwa hayupo.

Kutoka mnarani wakaenda kwenye ngome ya zamani. Mkwe alisimama mbele ya kila mzinga, akamuuliza mtembeza wageni maswali mpaka maskini akaanza kurudia majibu. Kisha wakapanda boti yenye sakafu ya kioo. Samaki wa rangi rangi walipopita chini ya miguu yao, mkwe alicheka kwa sauti kubwa mno, abiria wengine wakageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Chumvi,” alisema, akijifuta kwa pindo la kanga. “Hii bahari yenu ina chumvi!”

Shemeji, ambaye siku zote alikuwa bingwa wa utani, mtu wa kumwita “mke wangu” na kumwomba amkaangie mayai, leo hata mayai hakuyataja. Ndani ya gari alitazama mbele tu, kama aliyekwenda kufanya mtihani wa udereva. Mke akaona kuwa huyu naye yumo, akaumia zaidi, maana huyu alimpenda kweli.

Walipofika ufukweni, alishindwa kuvumilia. “Mama, naomba simu yangu. Nataka kuongea na mume wangu.”

“Mtu akiwa barabarani hapigiwi simu, mwanangu.” Mkwe alishaanza kukunja pindo la kanga. “Tukanyage maji kwanza. Njoo.”

Wakakanyaga maji. Mkwe akamshika mkono kwa nguvu, vidole vikauma. Kisha simu yake mwenyewe ikaita, akajitenga nyuma ya vibanda vya kubadilishia nguo. Mke akamfuata polepole, akajibanza ukutani.

“Makochi yote toeni nje,” mkwe alikuwa akinong’ona. “Ndiyo, na kabati. Sebule ibaki tupu. Hapana, hajui chochote. Wakishafika wote ndipo nitamleta.”

Kumbe! Kumbe mnara, mizinga na samaki vyote vilikuwa vya kumweka mbali huku vitu vyake vikitupwa! Akakimbia mpaka kwenye gari, mchanga umemjaa viatuni.

“Shemeji, nirudishe nyumbani. Sasa hivi!”

Shemeji akamtazama mama yake aliyekuwa akija anahema.

“Bado hatujaona jumba la samaki wakubwa,” alisema mkwe. “Nasikia wana papa.”

“Mnirudishe, au nakwenda kwa miguu!”

Simu ya mkwe ikaita tena. Akasikiliza, akaikata. “Haya, twende,” alimwambia mwanawe. “Wamefika.”

Gari lilipoingia mtaani kwao, mke aliyaona makochi yake juani, kabati lake limeegemezwa ukutani, na viatu vya watu vimejaa mlangoni. Hakungoja gari lisimame sawasawa. Akaruka, akaupita mlango kwa kishindo.

“Mmenitoa, siyo? Mmenitoa kama mwizi!” alipiga kelele. “Ngojeni mwanenu arudi! Arudi ayaone mliyonifanyia!”

Sebule ilikuwa mikeka mitupu, na juu yake wanawake wameketi, vichwa vimefunikwa. Katikati yao alikuwa mama yake mzazi, ambaye kwao ni mwendo wa saa nane kwa basi, akimnyooshea mikono yote miwili.

Na pale mlangoni, nyuma yake, mama mkwe akaachia ukelele alioubana tangu alfajiri, akaanguka sakafuni, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni.