Ombi la Meza Nzima

Pasi ilimpiga shoti kwa mara nyingine, na shati la sare likadondoka sakafuni. Mpiga pasi aliuma meno, akaukaza utepe mweusi kwenye waya uliochubuka, akaendelea na kazi. Pasi yenyewe ilikuwa na vituko vyake: ikitaka inaunguza, ikitaka inapoa kama chai ya juzi.

"Imekupiga tena?" aliuliza mtia vifungo kutoka upande wa pili wa meza.

"Imenisalimia tu."

Wenzake walicheka, lakini si sana. Mashati yalikuwa yamerundikana mbele yake hadi kidevuni. Katika karakana ile nyongeza ilitolewa kwa meza nzima, na kila shati, hata likatwe na kushonwa kwa kasi gani, lilimalizikia mikononi mwake. Mwezi wa tatu huo meza yao haikuonja nyongeza.

Kumwambia meneja kwa mdomo ilikuwa kazi bure. "Lisiloandikwa halijasemwa," ndio uliokuwa wimbo wake. Na barua pepe mbili ambazo mpiga pasi alimwandikia hazikujibiwa, kana kwamba zilitupwa kisimani.

Mtia vifungo ndiye aliyekuja na wazo. Alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Mtoto wake alipolazwa hospitali, mpiga pasi alikuwa akimaliza zamu yake kisha anakaa kumshonea vifungo, na hakumdai hata asante.

"Mmoja hasikilizwi," alisema. "Tutume meza nzima, sote saba, wakati wa chai. Hawa nitawaandikia mimi, wao wanakili tu. Wewe andika yako mwenyewe, shoga. Wewe ndiye unayeumia, maneno yako yatakuwa na uzito."

"Mkiniacha peke yangu je?"

"Tukuache uende wapi? Umoja ni nguvu, au umesahau?"

Chai ilipofika, mpiga pasi aliandika kwa dole gumba lililoungua. Akaeleza habari za waya, akaeleza ganzi inayompanda mpaka begani, akaomba pasi mpya, akatuma. Alipoinua macho hakuona hata mmoja aliyeshika simu. Mkataji alikuwa anasuuza kikombe. Washonaji walikuwa wanatazama dirishani. Mtia vifungo alikuwa ameinamia sindano isiyokuwa na uzi.

"Mmetuma?"

"Zamani," alijibu mtia vifungo bila kugeuka.

Moyo ulimwambia amefanywa chambo. Wamemtanguliza yeye, wakarudi nyuma kwa vidole vya miguu, na sasa wanasubiri waone kama ataliwa. Ilimuuma kuliko shoti yoyote. Watu aliokula nao, akacheka nao, akawafichia makosa yao! Hakumsemesha mtu tena mpaka alipoitwa ofisini, na alipopita karibu na shoga yake alitazama pembeni.

Meneja alimpokea kwa upole ambao hakuuzoea. Hata mlango aliufunga mwenyewe.

"Bosi, najua nimeandika peke yangu," alianza mpiga pasi, "lakini ile pasi…"

"Peke yako? Nimepata barua saba. Meza yenu nzima, hakuna aliyekosa."

Aliona haya kwa yote aliyowawazia wenzake, hasa shoga yake, ambaye yeye alimnunia mchana kutwa. Machozi yalimtoka bila kuitwa, na meneja akamsogezea kiti.

"Sijawahi kuona meza inakubaliana namna hii," alisema meneja. "Hata wakubwa wa juu hawakuwa na la kubisha. Wamepitisha leo hii hii."

"Mungu awabariki wenzangu," alisema mpiga pasi, akijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Mimi nilishaanza kuwalaani, kumbe! Basi bosi, pasi mpya inakuja lini?"

"Pasi gani?"

Meneja alimtazama kidogo, kisha akaigeuza kompyuta imwelekee. Barua sita, zinafanana neno kwa neno: "Pasi ni nzima. Tunaomba mpiga pasi mpya."